Maji Mekundu ya Dhahabu Kule Omate

Niliondoka Goma kwa sababu ya Kavira, mwanafunzi wangu wa kemia. Baba yake, Papa Kambale, mfanyabiashara wa Butembo mwenye duka kule Omate kwenye machimbo ya dhahabu, alimpa chembe ya dhahabu akaiuze anunue nguo. Yeye akaiyeyusha kwenye labo, akaigeuza maji mekundu. Papa Kambale aliposikia, akamuita arudi kwake Omate: masomo basi! Iliniuma sana. Nikabeba yale maji mekundu, chupa na dawa zetu za labo, nikamfuata kwa pikipiki ya kukodi, mimi na dereva.

Masisi tuliikuta matope matupu. Vita ilikuwa imefunga barabara mbele, tukalala Kingi kwa mama mmoja mkulima. Alitupa viazi, akatazama chupa zangu, akaniuliza, "Mwalimu, unaenda kufa juu ya maji?" Nikacheka, na barabara ilipofunguliwa asubuhi tukaendelea.

Baada ya Kibua ni msitu. Pikipiki tuliisukuma zaidi kuliko kuipanda.

Omate, Papa Kambale alinipa kiti na chakula, ila uso aliukunja. "Dhahabu iko ya kuuza, Mwalimu. Haiko ya kufanya maji."

Kavira akatia rangi ya manjano katika chupa mbili, akaongeza dawa ya kuifuta na matone ya yale maji mekundu. Moja akaifunika kwa ndoo, ingine akaiacha juani: hiyo ndiyo ingepauka upesi. Tulipotoka kula, zote zilikuwa bado manjano, sawasawa. Papa akasonya. Mungu wangu, aibu niliyoona!

Kumbe mama yake Kavira alikuwa ameifunika ile ya pili kwa kitenge. "Dhahabu haiachwe inje," alisema. "Vita hii, macho ya watu iko mingi."

Kavira akacheka, akaanza upya. Safari hii ya juani ikapauka kwanza.

"Ni joto ya jua tu," Papa akabisha.

Basi binti akaziweka zote katika beseni moja la maji baridi, moja ameifunga kitambaa cheusi. Ile ya mwangani ikapauka mpaka manjano yakaisha, ukabaki wekundu kidogo. Ya gizani haikuwa imepauka hata nusu.

"Na dhahabu yangu imekwisha?"

"Hapana, Papa. Iko humu, njo hii nyekundu. Mwanga unaiongezea nguvu, inaharakisha kazi, na yenyewe haiishi."

Akaichukua chupa ile, akaiinua kwenye mwanga.

Asubuhi alinisindikiza mpaka kwenye pikipiki. Nilikuwa nimemwelewa: hakuchukia masomo, aliogopa mali yake kupotea bure. Nikajiandaa kumbembeleza amruhusu binti arudi, akaniwahi.

"Mwalimu, dirisha ya labo yenu iko kubwa?"

"Iko kadogo, Papa."

"Basi mutafute fasi ingine, chumba yenye mwangaza. Mutoto wangu hawezi kufanya kazi mu giza."

Kavira alikuwa ameshapanda.