Sikio la Kulia la Fortunata

Kofi lililoua sikio la kushoto la Fortunata lilipigwa kwa kiganja kilichokunjwa kidogo, kama viganja vya wanawake wa Kifipa wanapopiga makofi kuwaamkia wakubwa. Viganja vikigongana, hewa iliyobanwa katikati huchomoka na kuitikisa hewa ya jirani, na mtikisiko huo ukifika sikioni tunauita sauti. Lakini kiganja cha Baltazari, mumewe, kilifunika tundu zima. Hewa ikakosa pa kutokea ila ndani.

Mganga wa zahanati alimulika tochi, akatikisa kichwa. "Kiwambo kimechanika, Mama Jeni. Ngoma iliyopasuka haitikisi kitu."

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, biashara binafsi zilipofunguliwa. Mashine ya kusaga ya ushirika ilikuwa imeota kutu, na mfanyabiashara mmoja kutoka Mbeya, Mbonile, akaleta yake ya dizeli pale kijijini Pito. Akamwajiri Fortunata, watu wakacheka: mwanamke, tena kiziwi nusu! Mbonile alimfundisha kung'ata mpini wa bisibisi na kugusisha ncha kwenye injini, ili beringi inayoanza kuharibika imlie ndani ya fuvu. "Mfupa nao unapitisha sauti, dada. Hilo sikio lililobaki, lizibe pamba. Mle ndani mna vinyweleo. Makelele huvilaza kama ng'ombe walioingia shamba la ulezi, ila ulezi utaupanda tena mwakani. Vile havioti."

Kwa hiyo akaziba pamba. Na Baltazari akajifunza kuichomoa.

Alikuwa akija mchana, foleni imejaa, injini inanguruma. Anamshika shingo kwa mkono mmoja kama anayemkumbatia, anaichomoa pamba kwa vidole viwili, anaweka mdomo sikioni na kupiga kelele zote za kifua chake. Kelele kubwa humeza ndogo. Aliyesimama hatua mbili tu hakuambulia neno.

"Muoneni Baba Jeni," wanawake walichekeana, "anavyombembeleza mkewe!"

Nyumbani alimvunja mkono, akamng'oa jino. Fortunata alipiga mayowe, lakini nyumba yao ilikuwa mwisho wa kijiji, na upepo wa kiangazi uliyabeba kwenda bondeni kusiko na mtu. Alipokwenda kwa mwenyekiti Leonsi, mzee aliuliza jambo moja tu. "Nani amesikia, binti yangu?"

"Mimi, mzee. Kwa sikio hili moja."

"Shahidi wa nafsi yako si shahidi. Rudi nyumbani, mvumilie."

Siku Baltazari alipomwambia kwamba sikio la pili nalo linafuata, Fortunata alikuwa ameinama juu ya injini, bisibisi mdomoni. Mkono ukamkaba. Pamba ikatoka.

"Ulinishtaki!" Baltazari alifoka. "Utakuwa gogo, unanisikia? Nilipasua la kushoto, leo napasua la kulia! Kisha nikutie humu kwenye mashine, mkono kwanza..."

Fortunata hakufurukuta. Alinyoosha mkono chini ya tumbo la mumewe, akavuta kishikio cha kuzimia injini.

Injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikafa. Lakini masikio ya Baltazari yalikuwa yameshalewa ngurumo ile, naye hakujua kwamba imekoma. Akaendelea kwa sauti ileile, katika kimya cheupe cha unga:

"...kama nilivyokuvunja ule mwingine! Na huyo Leonsi wako aje akuokote kwa ungo!"

Mwangwi uligonga mabati na kumrudia. Hapo ndipo akajisikia. Akainua uso, akawaona wanawake wote wamemkodolea macho, madebe kichwani.

"Haya, bembeleza," alisema taratibu bibi Hellena, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni. "Endelea, mwanangu. Tunasikiliza."

Kwa aibu akafanya alichokizoea. Mkono ukapanda. Fortunata akageuza kichwa haraka, akampa sikio lililokwisha kufa. Kofi likatua, damu ikamtoka puani, naye akabaki amesimama.

Debe la bibi Hellena likampata Baltazari kwenye ukosi. Kisha mengine, bati juu ya mfupa, mpaka akaanguka kwenye unga na unga ukageuka mwekundu. Mmoja alimkanyaga vidole vya ule mkono, akavisikia vikivunjika. Mbonile alikuja mbio akapaza sauti, "Inatosha, jamani, mtaua!" Hawakusikia, au walisikia. Waliacha walipochoka.

Fortunata aliokota pamba yake sakafuni, akaipangusa unga kwenye kanga. Mtu alikuwa akilia mahali fulani. Wenye masikio mawili hujua sauti imetoka upande gani, kwa kuwa hufika sikio moja kabla ya lingine. Yeye ilimbidi azunguke polepole, akitafuta kwa macho, mpaka alipomwona mumewe ukutani, mdomo wazi.

"Tumesikia, Mama Jeni," bibi Hellena alisema, akisimama upande wake wa kulia. "Kwa Leonsi tunakwenda sote."