Kanda ya Baba na Filamu Niliyoinyoosha

Sitazunguka. Mimi ndiye niliyefuta mazishi ya baba, na mtu mwingine ndiye aliyelaumiwa.

Miaka ya tisini nilifanya kazi katika duka la video pale Suna, Migori. Tulikodisha kanda, tulinakili za harusi, na Jumapili mchana tulionyesha filamu katika chumba cha nyuma. Kulikuwa na filamu tatu zinazofuatana, za watu wanaorudi miaka ya zamani kurekebisha mambo. Wateja walizipenda, lakini zilinitia wazimu. Mzee mmoja muuza mahindi alikuwa akinikatiza kila mara, "Wewe dada, huyu si alikufa? Sasa anakula nini hapo?" Nieleze, nieleze, mpaka filamu inaisha. Nikaapa nitazinyoosha: nizikate zote tatu, nizipange mwaka kwa mwaka, za kale kwanza, iwe hadithi moja. Nani aliniomba? Hakuna. Ni kiherehere changu tu.

Nilikuwa na deki mbili na waya mmoja. Huku inacheza, huku inarekodi. Ile ya kurekodi ilichelewa kuanza, kwa hiyo ilibidi nibonyeze kabla mtu wa kwenye filamu hajafungua mdomo. Nilifanya hivyo wiki mbili, kila mara duka likiwa tupu, na kazi niliiweza, siwezi kudanganya. Jumapili moja asubuhi, wateja wakiwa karibu kufika, kanda ikajaa. Zilibaki kama dakika kumi na tano za mwisho, na dukani hakukuwa na kanda tupu hata ya dawa.

Ila mkobani mwangu kulikuwa na kanda ya mazishi ya baba. Mama alinipa nyumbani Homa Bay niinakili, kwa sababu kaka yangu, kifungua mimba, alikuwa masomoni ng'ambo baba alipofariki. Nauli haikupatikana. Hakumwona baba akizikwa, hakutupa udongo, na sasa alikuwa anarudi. Kila barua aliuliza jambo lilelile: kanda ipo? Uso wa baba unaonekana vizuri?

Nikaipeleka mbele. Hotuba, kwaya, hotuba tena, halafu vidoti vyeupe. Nikasema, basi, imeishia hapo; kwa haraka sikujiuliza kaburi liko wapi. Ile plastiki ndogo mgongoni mwa kanda ilikuwa imevunjwa ili mtu asirekodi tena juu yake. Nikaziba tundu kwa selotepu. Hapo ndipo siwezi kusema sikujua. Nikarekodi mwisho wa filamu yangu humo, watu wakaja, wakatazama, wakapiga makofi, na yule mzee akasema, "Leo nimeelewa!" Kichwa kilinivimba siku nzima.

Kesho yake nikaketi kunakili. Baada ya vidoti ikaja filamu yangu, na filamu yangu ilipoisha nikaona watu wakiondoka kaburini, majembe mabegani. Yawa! Mpiga picha alikuwa ameacha pengo tu wakati wa kubadilisha betri. Kufunua uso wa baba, kumshusha, udongo, vyote vilikuwa baada ya pengo lile. Nililia mpaka nikatapika. Kisha nikafanya jambo baya kuliko la kwanza. Nilikifuta kile kipande cha filamu, vikabaki vidoti vitupu, nikabandua selotepu, nikanyamaza.

Kaka alifika. Tukaketi sebuleni kwa mama, yeye, mama na mimi. Vidoti vilipoanza alisubiri, akasubiri, halafu watu wakaonekana wakiondoka na majembe. "Rudisha nyuma kidogo," akaniambia. Nikarudisha. Akaniambia tena. Mara ya nne alikuwa amepiga magoti mbele ya skrini, na mama akalipuka: "Huyo mpiga picha! Tulimwamini, na hata uso wa mzee hakuchukua!"

Rimoti ilikuwa mkononi mwangu. Nikasema, "Hawa watu wa video ndivyo walivyo, mama." Niliyasema mimi, kwa mdomo wangu huu.

Maneno yakamfikia mpiga picha. Alikuwa jirani yetu, mtu mpole, na kamera yenyewe ilikuwa ya kuazima. Asubuhi iliyofuata alikuja, akakataa kuketi. Akamwambia kaka kwamba alikumbuka kabisa akirekodi pale kaburini, lakini kama hakuna kitu, basi mkono wake ulikosea, labda kwa sababu ya machozi, maana baba alikuwa mtu wake pia. "Nisamehe, ndugu yangu," akasema. "Nimekunyima baba yako." Kaka akamshika mabega, na wote wawili wakalia mbele yangu.

Mama akaniambia nilete chai. Nikaleta. Nikammiminia mgeni kwanza, akapokea kikombe kwa mikono miwili, akasema, "Asante, dada. Mungu akubariki."

Nikamwambia karibu.