Mwalimu wa Mbio wa Vuga

Nikodemo Shekigenda alifariki Vuga katika baridi ya Julai, mwaka 1976. Yudith alipata habari akiwa darasani Mgwashi, akifundisha la tatu. Alimwachia mwenzake darasa, akafunga kitenge juu ya sketi, akaondoka kwa miguu katika ukungu.

Enzi za chifu, Nikodemo alikuwa tarishi. Alipeleka barua za baraza vijiji vya mbali, na kwa kuwa hakupenda kulala njiani, alizoea kukimbia. Uchifu ulipofutwa baada ya Uhuru, kazi ikaisha. Akabaki na shamba la mahindi na maharage, na miguu isiyotulia. Vijana wa jirani wakaanza kumfuata asubuhi, kisha walimu wakamwomba awaandae wanafunzi kwa mashindano ya wilaya. Hakuwa na saa wala filimbi. Alisimama njiani, kofia mkononi, na ukipita anakupa neno.

Yudith alipewa hili: “Waache watangulie, mwanangu. Mlima utawachosha wenyewe.” Kwa neno hilo alishika nafasi ya pili kimkoa kule Tanga, na baba yake akakubali aende chuo cha ualimu. Tangu hapo hakuharakisha jambo lolote, hata kuolewa.

Msibani alikaa na wenzake wawili wa zamani wa mbio: Selemani, aliyekuwa akiendesha lori la ushirika, na Kristofa, fundi seremala aliyetengeneza jeneza.

“Mimi aliniambia nitangulie tangu mwanzo,” Selemani alisema. “Eti nikimwona mtu mbele nitaanza kumfikiria.”

Yudith alidhani anatania. “Alikuambia lini?”

“Mwaka ule ule tuliokuwa wote.”

Kristofa alikuwa anakwangua gundi kwenye kucha. “Mimi alinikataza kabisa,” alisema. “Nilikuwa nawashinda nyote wawili, mnakumbuka? Akanishika mkono akanipeleka kwa fundi, nikajifunze randa.”

“Kwa nini?”

“Hakusema. Nilikaa miaka bila kumwamkia. Sasa jana nimempima jeneza, nikawa sijui kama nimshukuru au niendelee kukasirika.”

Yudith alihisi kama mtu aliyepanda ngazi akakuta kidato hakipo. Kama Selemani aliambiwa kinyume, basi neno lake yeye lilikuwa nini? Akaenda kwa mjane, Mama Marta, aliyeketi mkekani na wanawake wa kanisani.

“Shikamoo mama. Pole sana.”

“Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa.”

Yudith alimwuliza kwa sauti ya chini: Mzee alijuaje la kumwambia kila mmoja?

Mama Marta alimtazama, kisha akajifuta macho kwa pindo la kanga. “Alikuwa akirudi hapa ananiuliza mimi. ‘Marta, yule binti wa Mgwashi nimwambie nini?’ Na mimi sijawahi kukimbia hata kufukuza kuku! Nilikuwa namjibu lolote, nipate kuendelea kupika.”

“Na lile la kuwaacha watangulie?”

“Sikumbuki. Labda langu, labda lake.”

Kesho yake mazishini, bendi ya tarumbeta ya kanisa iliponyamaza, mchungaji aliomba mwanariadha mmoja aseme neno. Selemani na Kristofa wakamsukuma Yudith mbele.

“Mzee Nikodemo alitufundisha...” alianza, akakwama. Watu wakadhani ni kilio. “Alitufundisha kila mtu la kwake. Sijui alijuaje. Sijui hata kama alijua.”

Minong'ono ikapita. Mchungaji akamshukuru upesi, tarumbeta zikalia.

Aliporudi Mgwashi, mwalimu mkuu akamkabidhi watoto wa mbio. Alikataa, lakini hakukuwa na mwingine. Alifundisha asubuhi kabla ya kwenda shamba la kijiji, na kila alipofungua mdomo alishindwa kujua anayesema ni yeye, Mzee, au Mama Marta aliyekuwa akigeuza ugali. Leo aliwaambia waanze taratibu, kesho waanze kwa kasi. Watoto walitii yote mawili.

Septemba aliwapeleka Lushoto kwenye mashindano ya wilaya. Halima, binti aliyemtegemea zaidi, alitangulia mwendo mrefu, kisha akapitwa kwenye mteremko, akamaliza wa tano. Alikuja analia, matope hadi magotini.

“Mwalimu, nimekosea wapi?”

Yudith alimtazama yule mtoto, akaitazama ile njia yote aliyokuwa ameipita, akitafuta. Alichuchumaa, akaanza kumfuta matope kwa kitenge.

“Sijui, Halima,” alisema. “Kwa kweli sijui. Njoo ule viazi, bado tuna safari.”