Fangasi za ujauzito zilivyomweka mume wangu benchi la mwisho kanisani

Wakuu, nawasalimu, pamoja na akina mama mnaosoma kimyakimya bila kuandika neno.

Mimi ni fundi cherehani, naishi Mususa, Butembo. Ninayoandika yamenipata mwenyewe na sijayatia chumvi. Najua mambo ya huko chini watu wanaona aibu kuyasema. Mimi aibu hiyo imeshanigharimu, kwa hiyo leo naiweka pembeni.

Mimba yangu ya pili ilipofika mwezi wa tano, nilianza kuwashwa ukeni.

Siyo kuwashwa kwa kawaida. Mashavu ya uke yalivimba yakawa mekundu, mkojo ukipita unachoma kama pilipili, na ute mweupe mzito unatoka mfano wa maziwa yaliyoganda.

Na kazi yangu ni ya kukaa. Kutwa nzima niko kwenye kigoda, nimevaa collant, ile suruali laini ya kubana mwili, chini ya kitenge kwa sababu ya baridi ya Butembo. Kuna siku nilimrudishia mteja kitambaa chake, nikamwambia mashine imeharibika. Mashine ilikuwa nzima, aliyeharibika ni mimi.

Mimba ya kwanza, ya Grâce, sikuona kitu kama hicho. Ndiyo maana akili yangu ilikimbilia kwa mume moja kwa moja.

Mume wangu, Muhindo, ni dereva wa lori. Anabeba kakao kutoka Kamango kuja Beni na Butembo, analala njiani siku tatu, nne. Kanisani alikuwa anaimba besi kwenye kwaya. Akiosha lori lake uani alikuwa anaimba, majirani wote wanasikia.

Sikumuuliza kitu. Nilipanda gari hadi Beni kwa shangazi yangu, mama anayesikilizwa sana katika kundi la akina mama wa kanisa.

Shangazi alinisikiliza nusu tu.

"Mutoto wangu, hii haitoke mu hewa. Ile barabara ya Kamango iko na banamuke mingi. Bwana yako njo amekuletea."

Akanichemshia maji, akatia chumvi na ndimu, nijisafishe mpaka ndani asubuhi na jioni. Nililia kwa maumivu, lakini niliendelea. Halafu tukaenda duka la dawa, tukasema tu "infection", tukapewa antibiotiki. Hakuna aliyenipima.

Siku mbili nafuu. Kisha ikarudi kwa nguvu. Nikameza tena, ikarudi tena. Kila ikirudi, namchukia Muhindo zaidi.

Hapa niwaeleze jambo la kwetu. Katika kanisa letu la Kiprotestanti, mambo ya ndoa yanapelekwa kwa wazee wa kanisa. Mtu akihukumiwa kwa uzinzi anawekwa chini ya nidhamu. Hashiriki Meza ya Bwana, haimbi, anakaa benchi la mwisho mpaka aungame mwenyewe.

Shangazi akasema nimpeleke huko. Nikampeleka. Na tumbo langu la miezi sita nikasimama mbele ya wazee, nikasema mume wangu ameniletea ugonjwa.

Muhindo hakuwaangalia wazee. Aliniangalia mimi.

"Mimi hapana jua hii kitu. Siwezi kuungama kitu yenye sikufanya."

Wakaona ni kiburi. Jumapili iliyofuata alikuwa benchi la mwisho, na sauti ya besi ilipopwaya kwenye kwaya, watu wakageuka kumtazama.

Mwezi wa saba nilishindwa hata kutembea vizuri. Siku ya kliniki ya wajawazito nikamwambia muuguzi kila kitu. Akachukua ute kwa pamba, ukaenda maabara. Muhindo naye aliitwa, tukapimwa damu wote wawili. Hakuna ugonjwa wa zinaa, kwake wala kwangu.

"Mama, ni champignons," muuguzi akasema, yaani fangasi. "Mimba yenyewe inaweza kuileta, hapana lazima bwana. Na ile madawa ulikuwa unameza, na ile ndimu, vilikuwa vinaongeza tu."

Nililia pale kwenye benchi hadi wenzangu wakadhani mimba imeharibika.

Nilipewa dawa ya kuweka ukeni na krimu ya kupaka nje. Vidonge vya kumeza alikataa kunipa kwa ajili ya mtoto. Akaniambia ninawe nje tu kwa maji safi, nivae chupi ya pamba, collant niache. Mwezi wa nane ilirudi tena, akanitibu tena. Alishaniambia inaweza kurudirudi mpaka nijifungue, na kweli baada ya kujifungua iliisha.

Lakini lile nililolianzisha kanisani halikuisha.

Nilirudi kwa wazee na karatasi ya maabara mkononi. Nikasema nimekosea, mume wangu hana hatia. Wakanijibu kwamba karatasi haionyeshi alilala wapi huko njiani, na sheria inataka yeye mwenyewe aje aombe msamaha.

Nikamwomba Muhindo, nikapiga magoti.

"Niombe musamaha ya nini, mama Grâce?"



Tulipata mtoto wa kike. Kwetu baba ndiye anayembeba mtoto mbele ya kanisa siku ya kumtoa kwa Bwana. Muhindo alimvalisha mwenyewe, akambeba njia nzima kutoka nyumbani. Tulipofika mlangoni akaniwekea mtoto mikononi, akaenda kukaa kwenye benchi lake. Nilitembea peke yangu hadi mbele. Sijawahi kuona kanisa refu namna ile.

Akina mama, mkiwashwa na mimba tumboni, nendeni mkapimwe kabla ya kumeza kitu, kabla ya ndimu, kabla ya kumtaja mtu.

Mume wangu hajanipiga, hajanitukana, chakula analeta. Lori bado analioshea uani, kimya.

Wanaume mliowahi kusingiziwa na wake zenu, niandikieni hapa chini. Mkeo alifanya nini mpaka ukaimba tena?