Karafuu za Dada na Tovuti Mbili za Habari

Darasa la saba sikumaliza, lakini biashara ya viungo kutoka Kinole, kule milimani, niliijua kabla waliosoma hawajajua kwamba iliki huzaa chini, kwenye shina. Biashara ilipoachiwa huru nilianza na ndizi za kubeba kichwani. Intaneti ilipofika, nilikuwa na stoo Kihonda mjini, simu ya mezani na kompyuta yangu mwenyewe. Wenzangu walikuwa bado wanasubiri kuambiwa bei na dalali.

Nilijaribu tovuti mbili za kukusanya habari. Kazi yao ni moja: unazitajia kurasa unazotaka kufuatilia, nazo zinakuletea kila kilichoandikwa huko, usihangaike kupita mlango kwa mlango. Ya kwanza ilikuwa nyepesi, inafunguka hata laini ikisuasua. Habari ikishafunguliwa inahesabiwa imesomwa, inaondoka mbele yako. Ya pili ilijaa picha, nzito, na haiondoi kitu. Ya zamani na ya leo zimerundikwa pamoja kama mitumba. Mimi nikapenda ya kwanza.

Paswedi ilikuwa moja, yangu na ya mke wangu. Redio ya nyumbani ilikuwa moja, na ikilia wanasikia wote. Sikuona kwa nini kompyuta iwe tofauti.

Msimu mmoja dada yangu mkubwa aliteremsha karafuu zake zote kutoka Kinole. Hakuwa na zao jingine la kumvusha mwaka. Mnunuzi alikuwa nje na lori, bei wameshapatana, ila dada aligoma kuuza mpaka mimi nisome habari. Aliniamini kuliko dalali yeyote, na alikuwa na haki.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Fungua hicho kidude. Dunia inasemaje?"

Nikafungua ya kwanza. Karafuu, kimya. Nikafungua ya pili: bei inapanda, juu kabisa, na picha kubwa.

"Tusubiri," nikasema. "Bei inapanda."

Dada akatoka, akamwambia mnunuzi aende zake. Mke wangu, aliyekuwa anachambua iliki mlangoni, akainua kichwa.

"Inapanda wapi, baba watoto? Si nimesoma asubuhi kwamba huko visiwani wamevuna mpaka wamekosa pa kuanika? Inaporomoka."

"Umesoma wapi?"

"Humo humo, kwenye ile yako nyepesi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie wewe? Si ndiye unayejua habari kabla hazijatokea?"

"Wifi, umemweza!" dada akacheka kutoka nje.

Nikafungua sehemu ya zilizosomwa, nikaikuta: alipoifungua yeye, ilihesabiwa nimesoma mimi. Kwenye ya pili nikatazama tarehe: ile ya kupanda ilikuwa ya msimu uliopita. Ilikaa juu kwa sababu ilifunguliwa na watu wengi, si kwa sababu ni mpya.

Lori lilikuwa limeshawashwa. Nikatoka, nikasimama mbele yake.

"Bosi, si mmesema mnasubiri?" mnunuzi akauliza.

"Nimesema mimi. Na sasa nasema pakia."

Dada alishika ncha ya gunia la kwanza yeye mwenyewe.

Wakiniuliza ipi bora, nasema bado ile ya kwanza, ila kila mtu awe na paswedi yake. Karafuu za dada ziliondoka mchana ule kwa bei ileile waliyopatana. Msimu ukaisha bila lori jingine la karafuu kupiga honi Kihonda.