Watu Wazima Wawili, Watoto Hakuna

Mtu asiye na mtoto anajua vizuri sana siku shule zinapofunguliwa. Wiki hiyo simu haipoi. Shemeji anapiga, binamu anapiga, jirani wa zamani ambaye hatujaonana tangu mvua za mwaka juzi naye anapiga, na anaanza kuuliza habari za afya yangu kwa upole unaotia wasiwasi. Wote wanajua kwamba kwetu hakuna sare ya kununua, kwa hiyo lazima kuna kitu kimebaki. Lakini siku shule zinapofungwa hakuna anayekupigia. Ndivyo ilivyotokea kwamba mimi, mwanamume mwenye akili zake timamu, fundi wa kuchomelea mageti anayejulikana Suna nzima, nilikata tiketi ya kumpeleka mke wangu matembezi ya boti katikati ya likizo ya Agosti, bila kujua kwamba ni likizo.

Tangazo nililiona kwenye simu. Boti kubwa ya orofa, kutoka Homa Bay hadi visiwani na kurudi, muziki, samaki, mchanga mweupe. Nikapiga. Msichana aliyepokea akauliza, "Watu wazima wangapi?" Nikamwambia wawili. "Na watoto?" Hakuna. Akauliza tena, "Hakuna kabisa, boss?" Nikadhani ana mzaha, nikamwambia kabisa, na nikalipa kabla sijabadilisha nia.

Safari hiyo nilikuwa na sababu yake. Mwezi wa Juni, jioni moja, mke wangu alikuwa jikoni anachambua omena, wale dagaa wa ziwani. Nilikuwa mlangoni navua viatu vya kazi. Akaweka sinia chini, akafuta mikono, akasema, "Mimi nimemaliza." Nikadhani omena. Kumbe alikuwa anasema juu ya miaka yote ile ya kutafuta mtoto: hospitali za Kisii na Kisumu, mizizi ya kuchemsha iliyonuka nyumba nzima, maombi ambapo anaitwa mbele na kuwekewa mikono kichwani huku watu wakifumbua jicho moja kumtazama. Hataki tena daktari, akasema, hataki dawa, na hataki kuombewa mbele ya watu. Tukae sisi wawili, tuishi. Nikasema sawa hapo hapo. Akanitazama.

"Umekubali upesi," akasema, kisha akarudi kwa omena yake.

Sikuelewa kwa nini aliniambia hivyo. Nilijiona nimefanya vizuri, mume asiyebishana. Na kweli, baada ya siku hiyo mke wangu alianza kuchanua. Alirudi kwenye kwaya. Kwenye duka la dawa za mifugo anakouza, wateja walianza kuniambia kwamba sasa anawatania mpaka ng'ombe wao. Alinunua gauni jekundu ambalo halikuwa la harusi ya mtu wala la kanisani, lilikuwa gauni tu. Usiku alilala usingizi wa kukoroma, na mimi nilikuwa nasikiliza ule mkoromo na kushukuru. Nilimpenda upya, nasema bila aibu. Lakini pia nilikuwa namwogopea. Amani yake ilikuwa bado changa, na nilitembea nayo kama mtu aliyepewa trei ya mayai ashike kwenye barabara ya mashimo. Ile boti ilikuwa sherehe yetu. Nilitaka siku moja ambayo hakuna mtu angemkumbusha.

Maana kwetu kukumbushwa ni desturi kabisa. Mwanamke akizaa, watu wanaacha kumwita kwa jina lake. Wanamwita mama wa fulani. Mke wangu mpaka leo ni Nyar Uriri, binti wa Uriri, jina alilokuja nalo. Na popote penye mkusanyiko, matanga au harusi, shangazi zangu hawakosi kumletea kitoto cha mtu na kukiweka mapajani mwake. "Mpakate, mpakate. Mtoto humwita mwenzake." Wanafanya kwa upendo, ndilo tatizo lake, ungeweza kugombana nao kama wangekuwa wabaya. Amepakata watoto wa ukoo mzima. Amekojolewa magauni yote mazuri aliyowahi kuvaa. Sijawahi kumwona akikataa hata mara moja, na sijawahi kumwona akirudi nyumbani siku kama hiyo na hamu ya kula.

Basi tulifika Homa Bay Jumamosi jioni, baada ya Sabato, tukalala nyumba ya wageni chini ya mlima Asego. Asubuhi akavaa gauni jekundu na kujitupia leso mabegani kwa ajili ya upepo. Tulishuka gatini tukishikana mikono, jambo ambalo sisi watu wa umri huu hatulifanyi hadharani. Nikasikia kelele kabla sijaona. Gati lilikuwa limejaa watoto. Watoto juu ya mifuko, watoto chini ya mifuko, watoto wanagombania kofia, watoto wenye mkate mdomoni wanauliza kama kuna chakula. Juu ya boti, kwenye orofa yangu ya starehe, walikuwa wamefungwa majaketi ya kuelea ya rangi ya machungwa na walikuwa wanagongana vifua ili waone nani ataanguka.

Nikamwuliza mwanamke wa tiketi kuna nini leo. Akanitazama kwa huruma. "Si shule zimefungwa, boss."

Nikageuka nimtazame mke wangu, tayari na maneno ya kuomba radhi. Alikuwa ameinama, ameshika magoti. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, mpaka leso ikamdondoka.

"Jaoda," akasema, ndivyo anavyoniita, mwenye nyumba yake, "kwani hukujua?"

"Wewe ulijua?"

"Hata mimi sikujua!" Akacheka tena. "Wapi tungejulia?"

Nikamwambia twende tukale samaki mjini, hela acha ipotee. Akaniangalia kana kwamba nimetukana. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, akasema, akaokota leso na kupanda.

Tulipata nafasi upande wa juu, kwenye benchi la nyuma. Kando yetu alikaa mama mmoja kutoka Kegonga, aliyekuja na kina mama wenzake wa chama kuwaonyesha watoto ziwa. Mama huyo alikuwa na watoto wanne waliotembea na mmoja wa mgongoni, na jinsi alivyowaongoza bila kuinua sauti nilimvulia kofia. Alikuwa na ndizi kwenye mfuko na aliwagawia kabla hawajalia. Boti ilipoondoka gatini watoto wale wakasimama kimya wote, midomo wazi.

"Hawajawahi ona maji mingi hivi," akatuambia. "Hata mimi. Kwetu ni milima tu na ng'ombe." Kisha akamgeukia mke wangu, kwa wema mtupu: "Na wewe ni mama nani?"

Nikashika benchi.

"Mimi ni Nyar Uriri," mke wangu akasema. "Sina mtoto. Nimekuja na huyu tu, lakini yeye anasumbua kama watano."

Mama wa Kegonga alinitazama, akacheka. Halafu nikaona uso wake ukibadilika, ule upole ninaoujua ukaingia, na mikono yake ikaenda mgongoni ikafungua kitambaa. Akakitoa kile kitoto, kinono, macho makubwa, akamnyoshea mke wangu. "Basi si umpakate huyu kidogo. Labda Mungu..."

Mke wangu hakunyosha mikono. Aliinama, akakitazama kitoto usoni, akakisalimu vizuri kabisa kama anavyosalimu wateja. Kisha akasema, "Ni mzuri sana, dada. Lakini leo hapana. Leo nimekuja kuangalia ziwa."

Hakusema kwa ukali, wala hakuomba msamaha. Alisema kama mtu anayekataa chai kwa sababu ameshakunywa. Mama wa Kegonga akabaki na mtoto hewani, kisha akamrudisha kifuani, akafikiri.

"Wewe una raha," akasema. "Hata mimi leo natamani kukataa."

Wakacheka wote wawili mpaka watu wakageuka, na kutoka hapo wakawa marafiki. Mimi nilikaa pale nikimtazama mke wangu akiangalia ziwa, kweli akiliangalia: mitumbwi ya omena, gugu maji likielea kwa mafungu, ndege weupe wamejipanga juu ya jiwe, kisiwa cha Rusinga kikitokea polepole upande wa mbele. Nilijisikia mdogo kwa kuwa nimekuja kumlinda. Mwanamke huyu hakuhitaji askari.

Kisiwani aliniaibisha zaidi. Alipandisha gauni jekundu magotini akaingia majini na wale watoto wanne, akawafundisha kurusha jiwe bapa liruke juu ya maji. Walimpenda kwa sababu hakuwaambia wajihadhari. Alipochoka akawaacha tu, akaja akakaa kivulini akala samaki wake mpaka kichwa, akanyonya macho, akaniuliza kama nitamaliza wangu. Nilimtazama akila. Sikuwa nimemwona na hamu namna hiyo miaka mingi. Nikajiambia basi, mayai yamefika salama.

Upepo ulianza tukiwa njiani kurudi. Si dhoruba, yale mawimbi ya mchana tu ambayo watu wa ziwa hawayahesabu, lakini watoto wa milimani hawakujua hivyo. Yule msichana mkubwa wa mama wa Kegonga akageuka rangi, akakimbilia ukingoni, akaanza kutapika ndizi zote. Mke wangu ndiye aliyeruka wa kwanza. Akamshika jaketi kwa mikono miwili, akapanua miguu, akamwinamisha vizuri. Wa pili naye akaanza. Mama mtu akasimama, akatazama huku na huku atafute mahali pa kuweka kitoto, na mahali palipokuwa wazi ni mimi.

"Shika," akasema.

Nikashika.

Nataka kusema jambo ambalo sikuwahi kuliwaza mpaka dakika ile. Miaka yote hiyo, hakuna mtu aliyewahi kuniwekea mtoto mapajani. Shangazi walipita mbele yangu na watoto wao wakienda kwa mke wangu. Mimi niliambiwa nijikaze kisabuni, na nilijikaza, na kazi ya kujikaza ikawa ndiyo yangu. Sikujua mtoto ana uzito gani akiwa amekutegemea. Ni mzito kuliko unavyomwona, na ana joto.

Kitoto hakikulia. Kilinusa shati langu jipya, kikaingiza kifungo mdomoni. Nikakigeuza kione nje. "Ma e nam," nikakiambia kwa lugha yetu, hili ndilo ziwa. Nikakionyesha mtumbwi. Nikakionyesha mlima Asego, mbali bado. Kisha nikasikia mdomo wangu ukiendelea wenyewe. Nikakiambia kwamba moto wa kuchomelea hautazamwi kwa macho matupu hata mara moja, hata kwa mzaha. Kwamba bawaba za geti huanza kupimwa upande wa juu. Kwamba mteja anayesifu sana kabla ya kazi si wa kumwamini. Kwamba mama akisema jambo mara moja usimngoje alirudie. Maneno yalitoka yamepangika, moja baada ya jingine, na ndipo nikajua kwamba nilikuwa nimeyaweka tayari miaka mingi kwa ajili ya mtu fulani, na kwamba mwezi wa Juni nilisema sawa bila kumwambia mtu huyo kwaheri.

Mama wa Kegonga alimaliza kuwafuta watoto wake midomo. Akaja, akanyosha mikono. "Asante, baba."

Nilisikia. Mikono yangu haikufunguka. Akangoja, akatabasamu, akangoja tena, na tabasamu likaanza kuchoka. Nilitaka kumpa. Nilikuwa nauambia mkono wangu mpe, mpe mwenyewe.

Mke wangu akaja akakaa kando yangu. Hakumgusa mtoto. Aliniwekea kiganja juu ya kiwiko, akasema taratibu kwa Kijaluo, "Mrudishie mama yake."

Nikamrudishia. Kifungo kilitoka mdomoni mwake na uzi wa mate, na upepo ukapiga mahali alipokuwa, shati lililolowa likawa baridi. Hapo ndipo nilipovunjika. Nililia kwa sauti, mwanamume mzima, fundi, mbele ya boti iliyojaa watoto waliokuwa tayari wanageuza shingo.

Mke wangu alisimama. Akavua leso mabegani, akaishika ncha mbili, akaitandaza mbele yangu kwa mikono iliyonyooka, kama mtu anayeikausha kwa upepo. Ikajaa, ikapigapiga, ikanifunika kutoka kwa kila mtu. Nilimsikia mama wa Kegonga upande wa pili akiuliza, "Mzee anaumwa?"

"Ni mawimbi tu," mke wangu akajibu. "Yatapita."

Mikono yake ilianza kuchoka. Niliiona leso ikishuka kidogo, kisha ikipandishwa tena. Bila kugeuka akaniuliza kama nimemaliza. Nikamwambia bado. Akaendelea kusimama.