Diski Iliyoishinda Kompyuta ya Yaya

Diski mpya ilifika mji wetu wa Likasi ikiwa imeviringishwa ndani ya kaptula ya mtoto. Mdogo wetu aliyekuwa Ubelgiji alimpa msafiri, na kama wote wanaotuma vitu kwa mikono, aliitoa kwanza kwenye boksi lake. Kitu kilicho ndani ya boksi ni kipya, na kitu kipya watu wa forodha wanakipenda mno. Kilichofungwa kwa nguo kuukuu hupita. Hata mimi ningefanya vilevile.

Aliyeisubiri ni dada yetu mkubwa, ambaye tunamwita Yaya. Mume wake alikuwa fundi wa kiwanda cha Panda, na miaka ile ya tisini mshahara wake ulikuja kama mvua ya mwezi wa sita, katikati ya kiangazi. Bukari, yaani ugali, ya nyumba nzima ilitoka kwenye kompyuta moja iliyokaa sebuleni, karibu na dirisha. Yaya aliwachapia wanafunzi kazi zao za kumaliza masomo. Lakini diski ya zamani, yaani lile sanduku dogo ndani ya mashine ambamo maandishi yote hukaa, ilikuwa imejaa, tena imeanza kukwaruza kama kisu kwenye sahani. Kila asubuhi kabla ya kuwasha, Yaya aliweka mkono juu ya mashine na kuomba.

Mimi nilifundisha shule ya ufundi, na katika familia mwalimu, hata asipolipwa, ndiye anayejua. Nikafungua mashine, nikatoa diski ya zamani, nikaweka mpya, nikawasha. Maandishi yakatokea kwenye kioo, mashine ikaanza kuitafuta diski, kisha kila kitu kikasimama. Tukangoja.

"Pengine iko inafikiri," Yaya akasema.

"Hapana, Yaya. Imekwama."

Nieleze kidogo, maana si jambo gumu. Diski ina mizunguko, duara ndani ya duara, kama kitunguu kilichokatwa. Mashine ikiwaka, kabla ya kufanya lolote, huiuliza diski: una mizunguko mingapi? Jibu huliweka mahali padogo palipotengwa tangu ilipoundwa. Walioiunda mashine ya Yaya walitenga nafasi ya tarakimu chache tu, kwa sababu wakati wao hakuna aliyewaza kwamba diski kubwa namna hii ingeuzwa kwa watu wa kawaida. Jibu la diski yetu halikuenea pale, na mashine haikujua ifanye nini na jibu lisiloenea. Hakuna kilichokuwa kimeharibika. Diski nzima, mashine nzima, na haviwezi kusalimiana.

Nyuma ya diski palikuwa na vipini vidogo vya kuhamisha, vya kuiambia diski ijitambulishe vipi kwa mashine. Nilivihamisha kwa kubahatisha, kwa kibanio cha nyusi cha Yaya. Haikusaidia. Basi nikarudisha diski ya zamani, na Jumamosi nikapanda lori hadi Lubumbashi kumpigia mdogo wetu simu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza polepole:

"Na ile disketi?"

"Disketi gani?"

"Ilikuwa mu boksi, na karatasi yake. Minye nilifikiri ni publicité tu, matangazo ya duka. Nilitupa yote."

Nikaelewa. Waliotengeneza diski walijua kuna mashine za zamani duniani. Karatasi ile ilionyesha kipini cha kuhamisha, na disketi ilikuwa na programu ya kuifundisha mashine kuhesabu zaidi ya ilivyozoea. Mkalimani alikuwa amebaki kwenye pipa la taka la Ubelgiji.

"Nitatafuta ingine," akasema. "Lakini hakuna mutu anakuya huko sasa. Ambia Yaya asikasirike."

Diski ya zamani haikungoja. Asubuhi moja Yaya aliwasha, ikakwaruza kidogo, ikanyamaza. Nikaitwa. Nikaketi naye, na kwa kuwa sikuwa na kingine cha kumpa, nikamweleza tena, taratibu, habari ya mizunguko. Alisikiliza, kidevu mkononi.

"Mudogo yangu," akasema, "unaeleza muzuri sana. Nimeelewa yote. Sasa eleza na batoto: bukari ya leo itatoka mu muzunguko gani?"

Mume wake alicheka, kisha akatazama pembeni.

Wanafunzi walikuja kuchukua karatasi zao zilizoandikwa kwa mkono. Kila mmoja alitaka kujua kama haiwezekani hata kidogo kupata alichochapiwa, na mimi nilikuwepo kumjibu. Msichana mmoja aliniomba nijaribu tena mbele yake. Nikawasha. Akaona mwenyewe, akashukuru, akaenda.

Wiki iliyofuata Yaya aliondoka na wanawake wa mtaa kwenda ziwa Tshangalele kununua samaki wa kuuza. Hakuwahi kuuza samaki maishani mwake. Nilimbebea beseni hadi kwenye lori, kwa kuwa hilo nililiweza.